Dhiki Si Hukumu

Katika nchi tambarare ya Ipinda, wilayani Kyela, karibu na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mvua zile zile ambazo ndizo uhai wa mpunga na mikakao huweza kuifurisha mito hata maji yakaingia mashambani na majumbani. Na kila yanaposhuka masaibu ya namna hiyo, au maradhi, au mauti ya mtoto, aliyefikwa hujiuliza swali lililowashughulisha wanadamu tangu kale: nimekosa nini?

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na jawabu lao. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wataalamu wa mila waliofanya utafiti katika nchi hiyo baina ya mwaka 1934 na 1938, walieleza kwamba ugonjwa ulidhaniwa aghalabu kuletwa na pumzi ya majirani waliokasirishwa na kosa la mgonjwa au la jamaa zake, na kwa hiyo dawa yake ilikuwa kuungama na kupatana. Itikadi hiyo haikukosa hekima, kwani iliwafanya watu wauchunge ujirani. Lakini ilimtwika mgonjwa mzigo wa pili juu ya ule wa maradhi, nao ni tuhuma.

Tuhuma hiyo hiyo ndiyo inayobishaniwa katika Kitabu cha Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja kumpa pole rafiki yao Ayubu, wakaketi naye kimya siku saba, kisha walipofungua vinywa wakamsihi atubie dhambi asiyoijua. Na mwisho wa kisa Mungu anawakemea wao, si Ayubu. Naye Yesu, alipoulizwa na wanafunzi kama kipofu wa kuzaliwa alitenda dhambi yeye au wazazi wake, alikataa yote mawili.

Ila Maandiko hayakuishia kumtoa mwenye dhiki lawamani. Humpa na tumaini. Paulo, katika mlango wa tano wa Waraka kwa Warumi, aonyesha jinsi taabu inavyomfunza mtu kustahimili, na jinsi moyo uliokwisha kustahimili unavyoweza kutaraji pasipo kufedheheka, kwa sababu umeonja upendo wa Mungu. Wala hasemi kwamba maumivu yenyewe huokoa: anayeokoa ni Kristo, aliyeyapitia msalabani, akafufuka.

Hivyo ndivyo walivyofahamu Wamoravian, ambao asili yao ni wafuasi wa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415, na ambao muhuri wa kanisa lao una Mwanakondoo aliyechukua bendera ya ushindi. Wamisionari wao wanne walipokuja kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, mmoja wao, Georg Martin, alifariki kwa homa mwaka huo huo. Wenziwe wakaanzisha kituo cha misheni cha Rungwe, na mwaka 1894 wakafungua kingine Ipyana, katika bonde la Kyela. Na Waingereza walipoiteka nchi mwaka 1916 na kuwaondoa wamisionari hao, waliokuwa Wajerumani, waumini wenyeji ndio walioshika sala na mafundisho, kanisa lisife.

Basi, msomaji, mafundisho haya hayamwamuru mtu kuitafuta dhiki, wala kuidharau hospitali, wala kuacha kuchimba mfereji wa kuyatoa maji shambani. Yanachomkataza ni kumhukumu aliyefikwa. Uendapo matangani, keti na wafiwa, toa ulicho nacho, omba pamoja nao. Na neno la kuuliza wamekosa nini, liache nje ya ua.