Mume Wangu, Roboti na Hela ya Msingi

Mpenzi msomaji, kuna wanawake wanaofumania meseji. Mimi nilifumania risiti. Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mume wangu, nikitaka kufua: mota, bodi ya Arduino, sensa, nyaya. Jumla laki mbili na themanini. Nikafungua daftari letu la ujenzi. Hela ya saruji ilikuwa imepungua kiasi hicho hicho.

Na nyumba yenyewe si ya kwetu, ni ya mama mkwe. Ukitoka Dar kwa barabara ya Kilwa, unaacha barabara kuu na kushika njia ya kuelekea Nyamisati, upande wa delta. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoipiga Rufiji na Kibiti yalimkuta huko, kwenye nyumba ya nguzo za mikoko na udongo. Kuta ziligeuka tope. Tangu siku hiyo analala kwa mdogo wake, na sisi tunadunduliza.

"Baba watoto, hii nini?"

"Nilitaka nikushtukize."

Kweli nilishtuka! Nilinuna siku mbili. Ya tatu, usiku, nikamkuta kalala kifudifudi sebuleni na kigari cha magurudumu mawili, matairi kayakata kwenye kandambili. Nyuma kafunga chupa ya chokaa. Unakipa vipimo vya chumba kwa laptopu, kinatembea, kinakata kona, kinachora mstari. Kwenye vigae vyetu kilichora mstatili, mwanzo na mwisho vikakutana. Nitakuwa mnafiki nikisema sikufurahi.

Kichwa chake kilikuwa kimejaa Kilifi. Kule Kenya, kwenye mradi wa Mvule Gardens, kampuni ya 14Trees ilisimamisha nyumba 10 za kwanza kwa mashine ya COBOD ya Denmark. Bomba linatembea juu ya fremu kubwa, linamwaga zege laini tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayepamba keki. Kabla ya hapo, mwaka 2021, kuta za shule moja Salima, Malawi, zilikamilika kwa saa 18.

"Kuta tu?" nikauliza. "Msingi, paa na milango je?"

"Hayo ya mafundi," akakiri.

Jumamosi tukaenda saiti na kigari kwenye boksi la viatu. Fundi wetu, mtu mzima, alikitazama bila kucheka. Heshima kubwa hiyo. Kikawashwa.

Jamani, mchanga! Kigari kinajua kimefika wapi kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Kwenye vigae hesabu inakubali. Kwenye mchanga wa pale gurudumu linazunguka, gari halisogei, lakini chenyewe kinahesabu tu. Ukuta wa mita 9 ukaishia mita 8 na nusu, na mstari wa mwisho ukapita mbali na wa kwanza. Roboti za kazini za kuchora ramani, kama SitePrint ya HP, hufanya kazi juu ya sakafu, na pembeni kunakuwa na chombo cha kupimia kinachoziambia kila mara zilipo. Chetu hakikuwa na wa kukiambia.

Fundi akachukua kamba. Mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, akavuta mshazari mpaka ukasoma 5. Kona imekaa. Mume wangu akaufuta mstari wake kwa mguu, taratibu, nikamwonea huruma.

Hapo ndipo mama akaja, na kanga yake kichwani. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu." Akainama kukichungulia.

"Kinajenga hata dungu?" Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho wakulima wa mpunga wa bondeni hulala wakilinda shamba, maji yakija yapite chini. Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Basi kinajua maji yalifika wapi?"

Akatupeleka kwenye nguzo moja iliyobaki ya nyumba yake ya zamani, hatua kama hamsini kutoka kiwanja kipya. Alama ya tope ilikuwa kifuani kwangu. Fundi akaleta mpira wa maji, ule wa plastiki unaoona maji yakijisawazisha ncha zote mbili, wakaihamisha alama ile kigingi kwa kigingi mpaka kiwanjani. Mume wangu alishika ncha moja, mimi nyingine. Tulipofika nikaona mwenyewe: sakafu tuliyoipanga ingekuwa vidole vinne tu juu ya maji ya 2024.

"Kozi tatu zaidi," akasema fundi. Tofali, saruji, kifusi cha kujazia. Nikapiga hesabu kichwani, na najua mume wangu naye aliipiga, maana hakunitazama.

Njiani kurudi tuligombana kuanzia Kibiti mpaka Mkuranga. Sikugombea mota, mpenzi msomaji. Niligombea ile siku mbili nzima alizoniacha nikidhani hela iko. Mkuranga akaegesha gari, akasema, "Nimekosa. Daftari likae kwako."

Jumatatu aliuza spika zake kubwa, zile za tangu ubachela. Kozi ya kwanza ya nyongeza imeshapanda. Kigari hakukiuza, na sikumwambia akiuze. Sasa anakitafutia matairi mapana, kwa hela ya vocha yake.