Daktari wa Jicho Moja na Uvimbe wa Taya

Mama mpendwa, magego ya mtoto wako wa miaka minne yakilegea huku taya linavimba, usikimbilie kumng'oa meno. Nasema hivi kwa sababu nilimpokea mama mmoja wa mwambao wetu huu wa Kilwa akiwa amechelewa. Mwanawe alikuwa ameng'olewa jino, akapakwa dawa za miti, kisha wakakaa wakisubiri nauli. Walipotufikia, uvimbe ulikuwa umeshalisukuma jicho. Ile ilikuwa kansa, tena ile inayokua haraka kuliko karibu zote zinazojulikana. Kwa siku moja au mbili tu, chembe zake huweza kuongezeka maradufu.

Aliyetufundisha kuitambua alikuwa na jicho moja. Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, na akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, kioo cha miwani kikaliharibu jicho. Hata hivyo akawa daktari mpasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda. Alikuwa Mkristo wa kuomba sana, mtu asiyejiona.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwonyesha mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini. Baadaye, huko Jinja, Burkitt akamwona mtoto mwingine vile vile. Wengine wangesema ni bahati mbaya. Yeye akafukua majalada ya wagonjwa, akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe tumboni pia. Ugonjwa ulikuwa mmoja! Mwaka 1958 akauandika, na leo unaitwa kwa jina lake.

Halafu akauliza swali ambalo hata mama wa nyumbani angeuliza: mbona huku upo na kule haupo? Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, maili 10,000 hivi kwa majuma 10, wakipita hospitali baada ya hospitali na picha mkononi: "Mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?" Wakagundua kwamba uvimbe huo uko penye joto na mvua, na ni nadra milimani penye baridi. Yaani ulifuata nyumba za mbu wa malaria. Mwambao wa Kilwa na Lindi umo ndani ya ukanda huo.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa hotuba London, na Anthony Epstein alikuwa akimsikiliza. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Karibu sote tunacho, hupita kwa mate. Malaria ya mara kwa mara ndiyo humdhoofisha mtoto asiweze kukidhibiti. Basi chandarua kile tunachokionea joto kina kazi zaidi ya tunavyodhani.

Miaka ya baadaye Burkitt alihubiri vyakula vyenye makapi, kama dona na kunde, hadi alipofariki mwaka 1993. Mimi lakini namshukuru zaidi kwa jambo lingine. Alipoona kisu hakifai, alijaribu dawa za sindano, na watoto wengine wakapona kwa dozi chache tu.

Dawa hizo zipo. Taya, tumbo au jicho likivimba, au miguu ikilegea ghafla, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uombe rufaa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako watoto wenye saratani hutibiwa. Zamani tulilala Ndundu tukisubiri kivuko cha Rufiji. Tangu mwaka 2003 kuna daraja, na basi la asubuhi kutoka Kilwa hufika Dar siku hiyo hiyo.