Mbwa ni wa tajiri, uchungu ni wa mtunza nyumba

Kila mwaka ifikapo Aprili, upepo wa kusi ukianza kuvuma na mvua za masika kukaribia, nyumba nyingi za ufuoni kuanzia Diani hadi Watamu hufungwa. Wenyewe, wakiwemo Wazungu na matajiri kutoka bara, huondoka na wengine hawaonekani tena hadi Desemba. Wanaobaki ni askari wa lango, mtu wa bustani na sisi tunaoitwa makeateka. Na wanyama, bila shaka.

Nimefanya kazi hii ya kutunza nyumba za watu kwa miaka kumi na moja. Leo nataka kueleza jambo ambalo wengi hulichekea: mtu mzima kumlilia mbwa au paka asiye wake.

Tuanze na hesabu. Mwenye nyumba akikaa miezi minne kwa mwaka, mnyama wake hukaa nami miezi minane. Mimi ndiye ninayempikia sima na matumbo, ninayemtoa kupe masikioni, na ninayekaa naye barazani radi inapopiga. Mbwa hajui hatimiliki ya nyumba ina jina la nani. Anajua harufu, sauti na mkono unaomlisha.

Wanasayansi wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2015, watafiti wa Japani walieleza katika jarida la Science kwamba mbwa na binadamu wake wakitazamana kwa muda, homoni iitwayo oksitosini huongezeka katika miili yao wote wawili. Homoni hiyo hiyo ndiyo husaidia kumfungamanisha mama na mtoto wake mchanga. Kwa hivyo mazoea haya si upuuzi wa mtu asiye na kazi. Ni jambo la mwili, na huja hata kama umeajiriwa tu.

Kwetu Pwani kuna watu wanaodhani kwamba Mwislamu hawezi kuwa na huruma na mbwa. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa mchanga. Lakini twahara ni jambo moja na huruma ni jingine. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na nguo maalumu za kulishia mbwa, na bakuli lao halikukaribia jikoni. Mzee huyo huyo ndiye aliyekesha na mbwa aliyeumwa na nyoka, akimpepea hadi alfajiri.

Sasa, kupoteza. Sisi hupoteza wanyama hawa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kifo. Ya pili ni kazi kuisha: nyumba inauzwa au mkataba unakatizwa, unarudisha funguo, na mbwa uliyemlea anabaki nyuma ya lango usiloruhusiwa tena kuingia. Ya tatu ni tajiri kuhamia kwao moja kwa moja na kumchukua mnyama.

Hiyo ya tatu ina dalili zake, na ni vizuri wenzangu wazijue. Mbwa hatoki Kenya kwenda nchi za Umoja wa Ulaya au Uingereza kwa siku mbili. Kwanza daktari wa mifugo humtia chipu ndogo chini ya ngozi ya shingo. Kisha huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Zipite angalau siku 30, atolewe damu ipelekwe maabara iliyoidhinishwa kuthibitisha kwamba chanjo imeshika. Baada ya damu kutolewa, lazima ingojwe miezi mitatu kabla ya safari. Mwishoni huhitajika cheti cha afya kilichoidhinishwa na daktari wa mifugo wa serikali. Ukijumlisha, ni zaidi ya miezi minne.

Mimi nilimshika kichwa Malkia, mbwa jike aliyezaliwa chini ya tangi la maji nyuma ya jikoni, alipokuwa akitiwa chipu mwezi wa Novemba. Niliambiwa ni ya kumtambua akipotea. Nikafurahi. Habari kwamba anaondoka niliipata Aprili, nilipokuta kizimba cha ndege kimewekwa barazani. Miezi yote hiyo kila mtu katika nyumba ile alijua, isipokuwa aliyekuwa akimlisha.

Wiki iliyofuata sikuweza kula. Mke wangu aliwaambia majirani nina malaria, maana angesema nini? Msomi wa Marekani, Kenneth Doka, alieleza huzuni ya namna hii katika kitabu chake cha 1989: huzuni ambayo jamii haiitambui, kwa hivyo mwenye nayo hapewi nafasi ya kuomboleza. Hakuna anayekuja kukupa pole. Tajiri atampigia simu rafiki yake na kufarijiwa, ilhali keateka huambiwa afagie banda.

Dawa yake si kujizuia kumpenda mnyama. Anayemlisha mbwa bila kumjali hataona mapema kwamba anaumwa. Dawa ni mapatano.

Enyi matajiri, siku chipu inapotiwa kwa ajili ya safari, mwambieni mtunza nyumba. Mwacheni amlishe mara ya mwisho. Wekeni ndani ya kizimba kitambaa chenye harufu yake, kwa sababu mnyama naye hutulia akinusa anachokijua. Mkifika, tumeni picha moja. Haigharimu kitu.

Nanyi wenzangu, ulizeni siku ya kwanza ya kazi: mnyama huyu ni wa nani, pesa za chakula na daktari zitatoka wapi, na mkiondoka atakwenda wapi? Kama ungependa kubaki naye, sema mapema, kabla hajaahidiwa mtu mwingine. Hakikisha kadi ya chanjo inabaki nyumbani, si kwenye begi la aliyesafiri. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huwa ni kifo karibu kila mara, na anayeumwa kwanza ni aliye karibu.

Na ukiachishwa kazi, mwandikie anayekuja kuchukua nafasi yako tabia za mnyama huyo: anaogopa nini, anakuna wapi, hali nini. Hutaweza kuingia tena, lakini angalau yule wa ndani hatahesabiwa mkaidi kwa sababu tu hakuna anayemjua.