Kukata Chipbodi Bila Kuimegua: Jino Lifaalo na Upande Ufaao

Si ajabu kumkuta askari ambaye zamu yake imekwisha ameshika futi na penseli badala ya bunduki. Wapo wanaotengeneza makabati ya nyumba zao, na wapo waliokwisha kustaafu ambao wameamua kukitia kiinua mgongo chao katika karakana ndogo ya useremala. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini katika makala yetu ya leo twataka kueleza hasara moja iliyowapata wengi, nasi tumo: kununua ubao wa chipbodi wenye uso mweupe unaong'aa, kisha kuukata na kukuta ukingo wake umemeguka kama mkate mkavu.

Sisi tulinunua ubao wa futi nane kwa nne huko Ndeeba, Kampala, mahali panapojulikana sana kwa biashara ya mbao. Tuliukata wenyewe kwa msumeno wa umeme wa mkono, uliofungwa diski ya meno 24 tuliyokuwa tukikatia mbao za paa. Diski ilikuwa mpya, mkono haukutetemeka, na mstari ulinyooka. Hata hivyo, uso uliotutazama ulibanduka tangu mwanzo wa mkato hadi mwisho. Vipande tulivyovikusudia kuwa milango ya kabati vikaishia kuwa rafu za stoo. Tulikuwa tumekosea mambo mawili, jino na upande, na yote mawili yangaliweza kurekebishwa kabla ya kuwasha mashine.

UBAO WENYEWE

Yafaa kwanza tuujue ubao huu. Chipbodi si mti uliopasuliwa. Ni vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi kali, vikakandamizwa kwa joto. Ilianza kutengenezwa viwandani huko Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, mbao nzima zilipokuwa adimu. Uso wake wa rangi ni karatasi iliyolowekwa katika gundi ya melamini na kugandishwa juu ya ubao. Uso huo ni mgumu, haukubali kukwaruzwa kwa urahisi, lakini ni mwembamba na huvunjika kama kigae.

Kwa hiyo msumeno hukutana na mambo mawili kwa pamoja: uso unaovunjika upesi, na kiini chenye gundi inayokula makali ya chuma. Diski ya chuma kitupu huwa butu baada ya muda mfupi, nayo ikiwa butu haikati tena bali hubandua. Ndiyo maana diski ifaayo ni ile ambayo ncha za meno yake zimeungwa vipande vya kabaidi, madini magumu sana yenye tangsteni ndani yake.

Wala kumeguka si aibu ya macho tu. Ukingo uliomeguka haushiki vizuri ule utepe wa kufunikia pembeni. Maji yakipenya hapo, vipande vya ndani huvimba, na kabati huharibika kuanzia chini.

MENO MANGAPI, NA YA NAMNA GANI

Kanuni ya kwanza ni idadi. Jino moja likichukua kipande kidogo, hubandua kidogo. Kwa mashine ya meza yenye diski ya milimita 250, tafuta meno 80. Kwa diski ya milimita 300, meno 96. Kwa msumeno wa mkono wenye diski ya milimita 190 hivi, meno 48 hadi 64 yatafaa. Diski ya meno 24 iache ibaki kwenye mbao za paa, ambako kasi ni bora kuliko usafi.

Kanuni ya pili ni umbo la jino. Kuna meno yaliyonolewa mshazari, moja kuelekea kulia na linalofuata kuelekea kushoto. Ncha zake hukata uso wa ubao kama kisu, na kadiri mshazari unavyozidi ndivyo mkato unavyokuwa safi zaidi. Ila ncha hizo nyembamba huchakaa mapema. Kuna pia meno ya zamu: jino moja lililoinuka kidogo, ambalo pembe zake zimekatwa, hutangulia na kufungua njia katikati, linalofuata, lenye ncha bapa, husafisha pande mbili. Hayo hustahimili gundi ya chipbodi kwa muda mrefu zaidi, na kwa karakana inayokata mbao nyingi kila siku ndiyo tunayoyapendekeza. Anayetengeneza kabati moja kwa mwaka atatosheka na yale ya mshazari.

Kanuni ya tatu ni jinsi jino lilivyoinama. Jino lililoinama sana mbele huuvamia ubao kwa pupa na kuung'oa. Kwa chipbodi chagua diski ambayo meno yake yameinama kidogo tu.

Kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyochorwa juu ya diski. Tundu la katikati lazima lilingane na mhimili wa mashine yako, na kasi iliyoandikwa isiwe chini ya kasi ya mashine. Diski izungushwayo kupita kiasi chake yaweza kurusha jino, na jino hilo halichagui wa kumpiga.

UPANDE WA KUTOKEA

Askari hahitaji maelezo marefu hapa. Aghalabu tundu la kuingilia risasi huwa dogo na la kutokea huwa kubwa. Jino la msumeno nalo ni hivyo hivyo. Linapoingia, huusukuma uso wa ubao dhidi ya kiini chake, na uso hutulia kwa kuwa una kitu nyuma yake. Linapotoka, uso hauna cha kuuegemeza, nao hubanduka.

Basi ujue meno ya mashine yako yanatokea wapi. Katika mashine ya meza meno huingia kwa juu na kutokea chini. Weka uso mzuri juu. Msumeno wa duara wa mkono hufanya kinyume, kwa kuwa meno yake hupanda. Laza uso mzuri chini, na mstari uuchore mgongoni. Jigsoo ya kawaida nayo hukata ikipanda, basi fanya vivyo hivyo. Msumeno wa mkono usio wa umeme hukata unaposukumwa chini; uso mzuri uwe juu.

Na iwapo pande zote mbili zitaonekana? Viwanda hutumia mashine yenye diski mbili: ndogo hutangulia kwa chini, ikizunguka kinyume na kubwa, ikachora mfereji wa milimita moja au mbili, kisha diski kubwa hupita katika mfereji huo. Asiye na mashine hiyo aweza kuiga kazi yake. Chora mstari kwa kisu kikali na rula ya chuma hadi uso ukatike, kisha pitisha msumeno upande wa kipande kisichotakiwa. Au kata kwanza kina cha milimita moja au mbili, ndipo urudie kina chote. Ubao chakavu uliobanwa chini ya mkato pia husaidia, kwa kuwa huupa uso kitu cha kuegemea.

Kwenye mashine ya meza, anza na meno yakiwa yamepita juu ya ubao kwa milimita 10 hadi 15. Chini kukimeguka, shusha diski kidogo. Juu kukimeguka, ipandishe. Fanya majaribio hayo kwenye kipande kilichobaki, kama vile mpiga shabaha anavyoirekebisha bunduki yake kabla ya shindano.

KUTUNZA

Wahenga walisema kinolewacho hupata. Lakini kabaidi hainolewi kwa tupa. Hunolewa kwa jiwe la almasi, kwa fundi mwenye mashine yake. Kabla ya kumpelekea, ioshe diski kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwani mara nyingi ile tudhaniayo kuwa butu imeganda gundi tu. Chomoa waya wa umeme kabla ya kuigusa. Vaa miwani na kizuia vumbi, maana vumbi la mbao lilitajwa mwaka 1995 kuwa chanzo cha saratani na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, na formaldehaidi, iliyomo katika gundi nyingi za chipbodi, ikatajwa hivyo mwaka 2004. Glavu usizivae mbele ya diski inayozunguka. Yaweza kuinasa na kuuvuta mkono.

Ndugu wasomaji, diski nzuri ni ghali, wala hatutaficha hilo. Lakini fedha iliyookolewa kwa kununua diski isiyofaa hutoweka pamoja na mbao za kwanza zitakazoharibika, na mteja aliyepewa kabati lenye kingo zilizomeguka harudi. Aliyetumikia miaka mingi kukipata kiinua mgongo chake asikubali kiliwe na meno 24.