Saa ya kompyuta inapokataa kusogezwa

Novemba 19, 2012, seva za saa za kituo cha unajimu cha Jeshi la Wanamaji la Marekani zilitangaza kwa muda mfupi kwamba mwaka ni 2000. Baadhi ya kompyuta zilizozitegemea zilirudi nyuma miaka 12, na watumiaji wakashindwa kuingia kwenye mifumo ya ofisi zao. Nyingine hazikutetereka.

Siri iko kwenye vikomo vya ntpd, programu inayolinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao kwa utaratibu wa NTP, uliobuniwa na Profesa David Mills, aliyefariki dunia Januari 2024.

Tofauti isipozidi milisekunde 128, ntpd huivuta saa polepole, kiasi kwamba kusahihisha sekunde moja tu kungechukua zaidi ya nusu saa. Ikizidi hapo na kudumu kwa dakika kadhaa, saa hurushwa mara moja. Ikizidi sekunde 1,000, yaani kama dakika 17, programu hujizima na kumwachia binadamu aamue.

Kikomo hicho kina mlango mmoja. Chaguo la -g huruhusu kuruka umbali wowote mara moja, programu inapoanza. Ni msaada kwa vifaa visivyo na betri ya saa, lakini kifaa kikiwashwa wakati seva inadanganya, kitaamini uongo huo.

Kwa Afrika Mashariki, mtego mwingine uko mipakani. Kigali na Bujumbura ziko saa moja nyuma ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Fundi anayehamisha kompyuta kutoka Kigali kwenda Kampala akaisogeza saa kwa mkono, ameongeza sekunde 3,600. Ntpd itaona kosa kubwa kuliko kikomo chake na kujizima. Tangu hapo saa itapotea kidogo kidogo bila mtu kugundua, na kumbukumbu za miamala zitaanza kupishana.

NTP haijui mipaka ya nchi. Husambaza saa moja ya dunia, UTC. Kinachobadilishwa ni ukanda wa saa katika mipangilio, si saa yenyewe.

Kinga nyingine ni kuweka seva nne. Zikiwa mbili na zikatofautiana, kompyuta haina wa kumwamini. Zikiwa nne, mwongo mmoja hukataliwa na watatu.