Kabla ya kunyooshwa mgongo: mambo ya kujua kuhusu kairopraktiki

Maumivu ya mgongo yapo katika kila kijiji. Anaumwa anayelima kwa jembe la mkono, anaumwa anayechota maji, anaumwa dereva wa bodaboda, anaumwa na fundi cherehani anayekaa kutwa ameinama. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno.

Siku hizi zinazunguka kwenye simu video za mtu aliyelazwa kitandani, anashikwa shingo au kiuno, unasikika mlio wa "ko!", kisha anainuka akitabasamu. Wasikilizaji wetu wanauliza: hiyo ni tiba gani? Je, mtu akiwa na nauli aende mjini akafanyiwe? Hapa tunaeleza.

Kairopraktiki ni nini?

Ni tiba ya mikono. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi inayofanywa kwa mkono. Ilianza Marekani mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, na mwanzilishi wake ni D. D. Palmer. Yeye aliamini kwamba magonjwa mengi husababishwa na pingili za mgongo zilizohama mahali pake.

Imani hiyo haikuthibitishwa na utafiti. Kisukari, shinikizo la damu, pumu au ugumba hautibiwi kwa kunyoosha pingili. Ukikutana na mtu anayekuahidi hivyo, shika nauli yako urudi nyumbani. Na usiache dawa ulizoandikiwa hospitali kwa sababu umeanza kunyooshwa.

Inasaidia nini?

Inaweza kupunguza maumivu ya kiuno, na kwa baadhi ya watu maumivu ya shingo. Mwaka 2023 WHO ilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi mitatu na yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono kumo katika orodha ya tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, kukandwa na kumwelimisha mgonjwa.

Kwa hiyo ni njia mojawapo tu. Nafuu inayopatikana kwa kawaida ni ya kiasi, na mazoezi ya kila siku yanaweza kukufikisha hapo hapo. Maumivu mengi ya kiuno yaliyoanza karibuni hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, mradi mtu aendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi badala ya kulala kitandani.

Ule mlio ni wa nini?

Wengi hudhani ni mfupa unaorudi mahali pake. Sivyo. Ndani ya kiungo kuna majimaji yenye gesi. Kiungo kikivutwa ghafla, povu la gesi hutokea na mlio husikika, kama unapovunja vidole. Mlio ukikosekana haina maana kwamba tiba imeshindwa, na mlio mkubwa si dalili ya kupona.

Nani asiguswe mgongo kabla ya kupimwa?

Hapa ndipo tunapoomba usome polepole. Kuna maumivu ya mgongo ambayo ni dalili ya ugonjwa mwingine, na kuyavuta kunaweza kuleta ulemavu. Nenda kituo cha afya kwanza kama:

- Una homa za mara kwa mara, unatoka jasho usiku au unakonda bila sababu. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake. Hushambulia pia pingili na kuzila taratibu. Pingili iliyoliwa ikisukumwa inaweza kuvunjika na kubana uti wa mgongo. Kifua kikuu cha mifupa kinatibika kwa dawa, na Tanzania na Kenya dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali.
- Wewe ni mfugaji, au umekunywa maziwa mabichi, na una homa na maumivu ya viungo. Inaweza kuwa bruselosi, ambayo huumiza sana kiuno.
- Umeanguka kutoka kwenye mti au umepata ajali ya pikipiki. Mfupa unaweza kuwa umevunjika.
- Umewahi kuwa na saratani, au maumivu yanakuamsha usiku na hayapungui hata ukipumzika.
- Una umri mkubwa na mifupa yako imeshadhoofika, au umetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.
- Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mjamzito naye amweleze mtaalamu mapema, na kwanza amwone mkunga au daktari wake.

Iko hali moja ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, kushindwa kukojoa au kujikojolea, kushindwa kuzuia haja kubwa, au miguu yote miwili kukosa nguvu. Hiyo ni mishipa ya fahamu iliyobanwa. Mgonjwa akicheleweshwa, anaweza kubaki hivyo maisha yake yote.

Siku ya kwanza inakuwaje?

Mtaalamu mwenye ujuzi haanzi kwa kuvuta. Anaanza kwa kuuliza: maumivu yalianza lini, unafanya kazi gani, umewahi kuugua nini, unatumia dawa gani. Kisha anakupima: anakuinamisha, anainua miguu yako, anagonga goti kuona kama mishipa ya fahamu inafanya kazi. Akiona dalili mbaya, anakuandikia uende hospitali. Eksirei si lazima kwa kila mgonjwa.

Kabla ya kukugusa anapaswa kukueleza atafanya nini na kuna hatari gani, nawe ukubali au ukatae. Shingo ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mara chache sana, kusokota shingo kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo, na mgonjwa akapata kiharusi. Una haki ya kusema, "Shingo yangu usiisokote."

Baada ya tiba, maumivu kidogo, uchovu au kichwa kuuma ni jambo la kawaida na huisha ndani ya siku moja au mbili. Lakini ukipata kizunguzungu kikali, uso kupinda, maneno kukwama au mkono kuishiwa nguvu, nenda hospitali mara moja.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Umesomea wapi, na kwa muda gani? Mwongozo wa WHO wa mwaka 2005 unataka masomo ya muda wote yasiyopungua miaka minne. Katika bara letu, mafunzo ya chuo kikuu yanatolewa Afrika Kusini, katika miji ya Durban na Johannesburg. Kwetu wataalamu hawa ni wachache na wengi wako miji mikubwa.

Umesajiliwa na nani? Nitahitaji kuja mara ngapi, na kila mara ni shilingi ngapi? Nisipopata nafuu baada ya wiki chache, utafanya nini? Mtu anayetaka ulipe mkupuo kwa miezi mingi kabla hajakupima, mwogope.

Kama huwezi kufika mjini

Hospitali nyingi za mkoa na kaunti zina idara ya fiziotherapia. Huko utafundishwa mazoezi ya mgongo na namna ya kuinua mizigo, na mazoezi hayo utaendelea nayo nyumbani bila gharama.

Usimruhusu mtu akukanyage mgongo au akusokote shingo kama alivyoona kwenye simu. Kukandwa taratibu kwa mafuta hakuna shida kubwa, mradi huna dalili tulizozitaja.

Kama kuna mtu nyumbani anayelalamika mgongo na huku anakonda na kutoka jasho usiku, msomee orodha ile ya dalili leo, kisha mpelekeni kituo cha afya akapimwe.