Saa Mbili Katika Kichwa Kimoja

Wiki yetu ina siku ya tano mara mbili. Jumatano ni ya tano kwa kuwa sisi tumeanza kuhesabu kutoka Jumamosi. Na hiyo inayoifuata, Alhamisi, nayo ni ya tano kwa mujibu wa jina lake, kwani tumelipokea kutoka katika Kiarabu ambacho huanza hesabu yake Jumapili. Hata hivyo sijapata kumsikia mwananchi yeyote, Unguja wala Pemba, aliyepotewa na siku kwa sababu hiyo. Marikiti hufunguliwa, karafuu huanikwa, na Ijumaa huswaliwa Ijumaa. Nalitanguliza jambo hili ili ieleweke tangu mwanzo kwamba sisi ni watu tuliokwisha kuzoea kuchukua hesabu mbili kwa pamoja bila ya kujikwaa, na kwamba anayetuona tumejikwaa leo ni vyema atazame kwanza kilichowekwa njiani.

Nakusudia kuzungumza juu ya saa.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na zamani katika nchi zao, kama katika dola ya Waturuki, saa ilikuwa ikirekebishwa kila siku jua linapotua, hapo ndipo hesabu ilipoanza upya. Sisi tulilipokea neno tukalitia katika maisha ya hapa. Jua likichomoza asubuhi imeingia, na baada ya muda wa saa moja twasema ni saa moja. Huu si ushamba, wala si ukaidi wa watu wasiotaka maendeleo. Visiwa vyetu viko kiasi cha nyuzi sita tu kusini ya Ikweta, na mchana wetu haupungui wala hauzidi sana mwaka mzima: tofauti baina ya mchana mrefu wa Disemba na mchana mfupi wa Juni haifiki saa moja. Mtu wa London, ambaye Disemba jua humtupa mkono kabla ya alasiri kwisha na Juni likamkatalia kulala, hawezi kuifanya saa yake ianze kwa jua. Sisi twaweza, na ndugu zetu wa Ethiopia nao huhesabu hivyo hivyo hadi leo. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana kwamba dunia ianze kuhesabiwa kutoka Greenwich. Walikuwa na sababu zao, nyingi zikiwa za mabaharia, nami sina ugomvi nazo. Lakini hata saa rasmi ya Afrika Mashariki tunayoitumia imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, ilhali sisi tuko nyuzi 39. Kwa hiyo hapa kwetu jua halifiki utosini saa sita kamili, bali, kwa wastani, dakika ishirini na kitu baadaye. Muadhini analijua hilo. Simu haijali.

Katika zama za saa ya ukutani hapakuwa na taabu yoyote. Uso wa saa ulikuwa mviringo, na aliyetaka kuisoma kwa Kiswahili alitazama tu tarakimu iliyo mkabala na akrabu. Akrabu ikielekea 8, mkabala wake ni 2, basi ni saa mbili. Ikielekea 3, mkabala wake ni 9, basi ni saa tisa. Hata mtoto wa chuoni, ambaye bado anababaika na irabu, aliweza kufundishwa mchezo huo baina ya adhuhuri na alasiri. Ikaja redio. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na kwa kuwa ndani yake alikaa mtu anayesema na watu, ilitangaza saa kama watu wanavyoisema. Televisheni ya rangi ilipofika kwetu katika miaka ya mwanzo ya 1970, muda mrefu kabla ya wenzetu wa Bara kuwa na televisheni yoyote, nayo ilitufuata. Mitambo hiyo yote ilitoka ng'ambo, na yote ilijifunza saa yetu.

Simu ya mkononi haikujifunza. Imetujia na tarakimu nne na nukta mbili katikati, na uso wa mviringo umeondoka pamoja na mkabala wake. Wakati wa 14:00 hauna kitu cha kuukabili. Sharti utoe sita upate nane. Usiku mambo huwa magumu zaidi, kwani 03:00 haitolewi sita bali huongezwa, ndipo upate saa tisa. Waweza kuiamuru simu hiyo iseme Kiswahili, nayo ikatii kwa adabu zote, ikaandika majina ya siku na miezi na neno la kukuaga unapoizima, lakini tarakimu zake zikabaki Greenwich.

Nilikaa siku moja bandarini Malindi, nikamtazama kijana mmoja akitoa simu mfukoni. Mwenziwe alimwuliza saa, naye akatazama kioo kilichosema 15:30 akajibu, "Saa tisa u nusu." Hakunyamaza hata kidogo baina ya kutazama na kusema. Nilimwuliza, "Mwanangu, umehesabu vipi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anavuta pumzi vipi, akasema, "Sikuhesabu, mzee." Nikamwuliza tena kioo kilikuwa kimeandika nini. Hapo ikambidi aitoe simu atazame upya, kwani hakukumbuka.

Hilo limenishughulisha zaidi ya mengi ninayoyasikia juu ya akili za mashine. Macho yamesoma kitu kimoja, ulimi umetamka chengine, na mwenye macho na ulimi hakuwa na habari kwamba pana kazi iliyofanyika katikati. Nani aliyetoa sita? Sisi husema fulani ana fahamu zake timamu, tukidhani fahamu ni mwenye nyumba ambaye hapana kinachoingia wala kutoka bila ya idhini yake. Kumbe nyuma ya nyumba mna mtumishi hodari asiyejulikana, anafanya hesabu tangu asubuhi hadi usiku, halipwi wala hashukuriwi. Na wapo wanaosema kwamba watu wetu ni wazito katika mambo ya kisasa!

Lakini mtumishi huyo amefundishwa na mtu, na si kila mtu amepata mafunzo. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alijua kusoma katika madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970, na alijua vizuri. Ana maradhi ya presha. Hospitali moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilimpelekea katika simu ujumbe wa miadi: tarehe, siku, kisha 08:00. Akausoma kama alivyofundishwa, yaani saa nane, na kwa kuwa hakuna anayekwenda kwa daktari saa nane za usiku, akajua ni mchana. Akafika saa saba u nusu, mapema, kama raia mwema. Kliniki yenyewe ilikuwa imekwisha, na hufanywa mara moja tu kwa wiki. Akarudi na kadi yake na vidonge vya siku mbili. Aliponisimulia hakulalamika, aliniuliza jambo moja tu, nami sikuweza kumpa jawabu la kuridhisha: "Ile sifuri iliyotangulia mbele ya nane, inafanya kazi gani pale?"

Upande wa pili pana kisa kilichozungumzwa sana katika baraza yetu ya kahawa, nacho kinachekesha kwa wote isipokuwa wenyewe. Kijana alikuwa asafiri kwenda ng'ambo kutafuta kazi, na tiketi yake iliandikwa Jumamosi, 00:35. Ijumaa, watu walipokwisha kuswali magharibi, bibi yake alitokeza ukumbini na buibui lake amekwisha livaa, akauliza mbona hawaondoki, kwani usiku wa Jumamosi umeshaingia. Wajukuu wakacheka. Mmoja akamwonesha simu: "Bibi, leo Ijumaa, Jumamosi ni kesho." Bibi akavua buibui akalala. Usiku wa siku ya pili ukoo mzima ulifika uwanja wa ndege na halua na machozi, wakaambiwa ndege iliyoandikwa katika tiketi ile imeondoka jana yake.

Tutafakari hapo kidogo. Katika hesabu ya wazee wetu, ambayo ndiyo ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Basi dakika thelathini na tano baada ya saa sita za usiku ule, kwa hesabu ya bibi ilikuwa ni usiku wa Jumamosi, na kwa hesabu ya kampuni ya ndege ilikuwa ni Jumamosi. Bibi na kompyuta walikubaliana kikamilifu. Waliokosea ni wale waliokaa katikati, wenye simu mkononi, ambao hesabu ya zamani wameiacha na hii mpya hawajaishika.

Ndipo nawageukia ndugu zetu watendaji serikalini. Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi huiadhimisha kwa hotuba. Na hotuba huanza saa tatu asubuhi, sijapata kualikwa saa tisa asubuhi. Taifa zima hupiga kura kwa saa hiyo: vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na mamilioni ya watu hufika bila ya kuhitaji mkalimani. Maana yake barua na matangazo yanayoandikwa kwa mkono wa mtu yako sawa. Kasoro imo katika yale yanayoandikwa na mtambo: ujumbe wa miadi, tiketi za boti, notisi za kukatwa umeme na maji, ratiba za kliniki. Mtambo umenunuliwa na saa yake ndani, na aliyeupokea alikagua nyaya, akakagua karatasi za dhamana, saa hakuikagua.

Dawa yake si kuifuta saa ya ulimwengu, kwani rubani na nahodha wanaihitaji. Wala si kuiachia saa yetu ife barazani. Ujumbe wa hospitali uandike "saa 2:00 asubuhi", kisha 08:00 ifuate kwa anayeihitaji. Mtambo uliotengenezwa na watu unaweza kuamriwa na watu, na vijana wanaosoma kazi hizo katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hawatashindwa kutoa sita. BAKIZA nayo ingefaa itoe namna moja ya kuandika, ili ofisi mbili za mtaa mmoja zisiwe na saa mbili. Skulini, mtoto afundishwe zote mbili siku moja, kwa saa ya mviringo ikipatikana. Na kwa safari za baina ya saa sita za usiku na alfajiri, tarehe peke yake isitoshe: iandikwe waziwazi, "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", na aliyekata tiketi asomewe kwa sauti kabla ya kutoka dirishani, akiwapo bibi yake, na asomewe na bibi pia.